Mtani Aliyeletwa na Serikali

Jumanne, 1 Septemba 1953

Wameiba tena. Na safari hii kwangu!

Nimeamka, dirisha wazi, kamba ya nguo ya chumbani tupu. Blanketi hakuna. Gauni la kijani hakuna. Kisutu cha mama hakuna — na hicho ndicho kilichonikalisha chini. Kisutu alichoolewa nacho! Mwaka mzima kimelala sandukuni, nikakitoa jana tu kipate hewa. Kilikuwa bado na mkunjo wa mama, ule wa pembe kuingizwa ndani kama sambusa. Alitufundisha mie na mdogo wangu Mfaume, basi. Hakuna mwingine duniani anayeujua.

Wanatumia upembo, fimbo ndefu yenye ndoano ya kuangulia mapapai. Wanaupenyeza kwenye nondo za dirisha watu wakiwa wamelala, wanatuvua nguo zetu kama samaki. Mtoni nzima imeshavuliwa. Bandali mwenye duka wamemtolea majora ya kanga, tena kwa kupitia nondo zile zile alizotia ili wasiingie.

Mfaume kaja kuniliwaza, sigara sikioni. Karudi asubuhi, anasema alikuwa kwenye dansi mjini. Kapangusa kiatu nyuma ya mguu wa suruali, kimoja, halafu cha pili. Kavuta suruali magotini kwa vidole viwili, pasi isiharibike. Ndipo akachutama chini ya dirisha kutazama nyayo. Bwana mkubwa huyo! Anasema hawa ni watu wa kuja, na kwamba serikali inalinda Wazungu tu. Hapo nilimwitikia.

Mama alipokufa Mfaume hajaota hata ndevu. Nimemlea mie. Leo kanishika bega nikalia.

Keshokutwa Bwana Inspekta wa polisi ana baraza hapa Mtoni. Nitasema. Wazee wapende wasipende.

Alhamisi, 3 Septemba

Nimesema! Wazee walikohoa wakatazama chini. Nikasema Mtoni tunalipa kodi kama wengine, na askari tunawaona wakipita na gari tu, tunabaki na vumbi lao.

Bwana Inspekta — sie tunamwita Bwana Kifimbo, maana kifimbo hakimtoki kwapani, nadhani hulala nacho — alinisikiliza kwa mkalimani huku akitazama saa. Jibu lake: askari hawatoshi. Wengine bandarini, wengine boma, wengine Uzunguni. Uzunguni! Kule kila ua lina mbwa, na mbwa ana askari wa kumlinda. Nyumba ya watu wawili na paka. Kwetu wapangaji wanalala mpaka ukumbini, lakini serikali ikigawa askari huhesabu bustani, haihesabu vichwa.

Hata hivyo ana mpango mpya. Aliutoa kwa maringo. Askari mmoja, wa Mtoni peke yetu, akae humu humu na watu, awajue kwa majina, anywe nao kahawa. Tena kamchagua kwa akili nyingi, anasema. Si Mzaramo. Hana ndugu hapa hata mmoja, kwa hiyo hatampendelea mtu. Mgeni kabisa. Mnyamwezi wa Tabora.

Kisha Mzee Mwinjuma akaanza kukohoa ndani ya kanzu, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mnyamwezi! Kwa Wazaramo! Katafuta nchi nzima mtu asiye na chetu, katuletea mtani. Mtu ambaye tukimtukana hakasiriki, akichukua kuku wetu hatumshtaki, na tukifa ndiye wa kuja kutuchezea msibani. Ndivyo ilivyo tangu enzi za misafara ya mababu. Mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Bwana Kifimbo na madaraka yake yote halijui.

Hakuna aliyemwambia. Mkalimani alitazama dari. Na mie nilinyamaza, maana ilikuwa tamu mno.

Askari huyo atapanga chumba changu cha mbele, kinachotazama barabara ya Kilwa.

Jumapili, 6 Septemba

Kafika. Anaitwa Albano. Mrefu, kaptula pana, baisikeli ya serikali isiyo na kengele. Kaniamkia vizuri, shikamoo bibi mwenye nyumba, nikaitikia marahaba. Halafu akasema anashukuru kuwakuta Wazaramo wameamka, maana jua limefika utosini. Nikamwambia atue mzigo taratibu, Mnyamwezi akikosa mzigo kichwani huumwa shingo. Alicheka mpaka akashika mlango.

Hajakaa vizuri, Hija mgema akampokonya kofia ya polisi, akaivaa, akaenda nayo kilabuni. Jioni imerudi inanuka tembo. Malkia katawazwa juzi tu, na kofia yake inanuka tembo Mtoni! Albano kaipangusa kwa kiwiko, kaivaa.

Huyo ndiye wa kunirudishia kisutu.

Ijumaa, 11 Septemba

Aibu. Hija kapigana kilabuni, Albano kaenda kumkamata. Kamshika mkono wa kuume, Hija akampa na wa kushoto. Akamwambia, mtani, kamata na mguu, nao una kesi, ndio uliopiga teke. Watu wakaanguka kwa kucheka. Katika kusukumana pingu zikamfunga Albano mwenyewe kwenye nguzo ya baraza ya Bandali. Hija akaondoka na ufunguo. Akapanda nao mnazini!

Mpaka alipomaliza kugema, askari wetu mmoja alikuwa amefungwa dukani. Bandali kamtolea kiti na chai, mkewe Gulbahar kaleta mwavuli wa kumkinga jua. Mwenye duka kangoja ulinzi miezi yote hii, umekuja umefungwa kwenye nguzo yake. Hakucheka. Alikuwa akitazama nondo zake.

Jioni Mfaume kawaigiza uani, Hija na Albano, mmoja mmoja. Tumecheka na wapangaji wote. Albano naye alikuwepo, kakaa juu ya kinu, kacheka kuliko sote. Kamwambia Mfaume aanze tena.

Mtu hana haya hata kidogo.

Jumatatu, 14 Septemba

Kaingia jikoni kwangu bila hodi. Kafunua chungu, kaonja mchuzi, kasema Wazaramo wanampika samaki kabla hajajua kama amevuliwa. Kala, kaondoka.

Nyumba zote anaingia hivyo. Anachungulia mvunguni mwa vitanda vya watu, anasema anatafuta mke aliyeahidiwa babu yake. Wanawake wanacheka, wanampa muhogo. Hajamkamata hata kuku. Kisutu nimemtajia mpaka nimechoka, ananijibu kwa mzaha.

Jumamosi, 19 Septemba

Wamemvua Hamisa, jirani. Koti la marehemu mumewe. Hamisa alikuwa akilitundika dirishani, usiku akiamka alione. Wezi hawakuacha hata kitundikio. Leo kakaa kizingitini mikono mitupu, hali chakula.

Kwenye bomba la maji kasema neno moja tu, kikulacho ki nguoni mwako. Kwamba watu wa kuja hawawezi kujua nani katundika nini na wapi. Nikamwambia machungu yanamsemesha. Alinitazama hivi, halafu akajitwika ndoo yake.

Nilimfuata Albano nikamfokea mbele za watu. Nikamwambia Uzunguni mbwa mmoja analinda kuliko yeye. Hakujibu kwa utani, ikanishangaza. Kauliza tu kama Hamisa ana mtu wa kumpikia.

Mfaume kaniletea gauni jipya badala ya lile la kijani. Kasema kapata kibarua kizuri bandarini. Angalau mwanamume mmoja Mtoni anafanya kazi! Viatu vyake navyo ni vipya, vya rangi mbili.

Jumatano, 23 Septemba

Bwana Kifimbo kaja kukagua mpango wake. Hakushuka kwenye gari, mpango ndio umfuate dirishani. Kauliza Albano kakamata watu wangapi. Hakuna. Basi kafurahi! Kasema kwa mkalimani kwamba pasipo na kesi hapana uhalifu, Mtoni imetulia, na kwa kuwa mjini askari ni haba, mwisho wa mwezi atatazama kama kuna haja ya kumwacha hapa.

Nilisikia kwa masikio yangu. Akikamata, hafai, kwa kuwa wezi wapo. Asipokamata, hana kazi. Mtu huyu analipwa mshahara kwa akili hiyo.

Bandali alikimbilia gari kwenda kueleza habari ya majora yake. Gari likaondoka. Mfaume kapiga saluti nyuma ya vumbi, watu wakacheka. Mie sikucheka sana. Nimemfikiria Hamisa na dirisha lake.

Jumamosi, 26 Septemba

Lazima niandike yote, la sivyo sitalala.

Mzee Mwinjuma kafariki jana alasiri. Leo tumemzika. Bandali kaleta bafta ya sanda mwenyewe, kaikata dukani, kakataa chochote. Alimjua mzee tangu akiwa mtoto nyuma ya kaunta ya baba yake.

Albano alivua nguo za serikali, kaja kwa kanzu ya kuazima iliyomwishia magotini. Kofia ya polisi kaigeuza nyuma mbele. Ndiye Mnyamwezi wa karibu, msiba ni wake. Wanawake tulikuwa mlangoni na ndani, wanaume uani, jeneza limeshafungwa.

Kaanza na marehemu, ilivyo desturi. Kakohoa kikohozi cha Mzee Mwinjuma, kile cha kuficha kicheko, mabega yakacheza. Tulicheka tukalia, bintiye marehemu kuliko sote. Alikuwa mzee mwenyewe! Hapo nilimsamehe mengi.

Kisha akauchukua upembo uliokuwa umeegemezwa ukutani. Nikadhani anakwenda kuangua papai.

Alikuwa miguu mitupu. Kaupangusa mguu nyuma ya shavu la mguu mwingine, mmoja, halafu wa pili. Kavuta kanzu magotini kwa vidole viwili. Kachutama chini ya dirisha la marehemu, kaingiza upembo kati ya nondo, kavua kanga kitandani, kaitia kwapani, kaondoka kwa kuringa huku akipiga mluzi wa dansi.

Kicheko kilikatika katikati. Kilianza kufa kwa wanawake, kikaenda kwa wazee, kikabaki cha mtu mmoja. Mfaume. Alikuwa karibu na mlango wa ua, na viatu vyake vya rangi mbili, akicheka peke yake, mpaka akajisikia. Hakuna aliyemtazama. Watu wazima wote wa Mtoni walikuwa wanatazama mchanga. Hamisa tu ndiye aliyekuwa ananitazama mimi.

Walikuwa wanajua. Wote! Mie niliyejiona mjanja, wao walikuwa wakinionea haya.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitaka kumrukia yule Mnyamwezi nimng'oe ulimi. Lakini nani anagombana na mtani msibani? Ndiyo desturi, anasema asemalo, ukikasirika wewe ndiwe umejitaja.

Wanaume wakainua jeneza. Albano akaenda kulala barabarani, chali, mbele ya jeneza, upembo kifuani. Shehe akamkemea, maiti haingojeshwi. Watu wakaanza kumtupia senti ili awapishe, desturi tena. Kazisukuma.

Akasema, "Mimi sigombolewi kwa senti leo. Vilivyovuliwa Mtoni vikirudi, babu yangu apite. Nani ananidhamini?"

Jua kali, jeneza mabegani, na hakuna mwanamume wa kufungua mdomo. Hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe, mwanamke, mlangoni.

"Ondoka njiani. Mie nakudhamini."

Akainuka mara moja. Na ndipo tulipoona gari la polisi limesimama barabarani. Bwana Kifimbo kapita zake, kamwona askari wake wa Mtoni kwa kanzu fupi, kofia nyuma mbele, amelala mbele ya maiti ya watu. Uso ulimwiva. Hakuteremka. Ila safari hii alitoa kijitabu akaandika.

Jumapili, 27 Septemba

Asubuhi kwenye baraza ya Bandali palikuwa na furushi. Majora mawili kati ya yale yaliyoibiwa, blanketi langu, nguo za watu. Koti la Hamisa limo. Hamisa kalinusa kola, kalikumbatia, kaenda nalo nyumbani. Leo kala.

Kisutu hakikuwemo. Nilikikuta dirishani kwangu, kati ya nondo.

Kimekunjwa. Pembe ndani.

Nimekaa nacho mapajani mpaka adhuhuri. Mfaume yuko chumbani kwake, amelala au hajalala sijui. Viatu viko nje ya mlango. Nimepita pale, nimerudi, nimepita tena. Sikubisha. Ningemwambia nini? Mwizi angekitupa popote. Yeye alikaa gizani akakikunja alivyofundishwa na mama. Natamani angekitupa.

Gauni jipya nimelichoma jikoni. Limetoa moshi mchafu.

Jumatatu, 28 Septemba

Albano alikuwa akitia kiraka baisikeli uani. Nikamuuliza pole pole, sasa utafanyaje. Nilitaka anitanie. Nilitaka aseme Wazaramo hivi, Wazaramo vile.

Akasema, "Bibi, juzi alisema mtani. Mtani hashtaki mtu. Askari bado hajaulizwa."

Na akiulizwa?

Aliendelea na kiraka chake. Kasema tangu ameingia kwenye kazi hii hajamdanganya mkubwa wake, hata yule.

Jumanne, 29 Septemba

Wako barazani. Naandika nimesimama, daftari juu ya sanduku. Nimewaambia naingia kuvaa nguo ya kujisitiri.

Bwana Kifimbo kaja, safari hii kashuka. Kakalia kiti changu kizuri. Mkalimani kasimama, Albano kasimama pembeni, sare imepigwa pasi, uso hauna kitu. Bwana anasema mambo mawili. Kwanza, askari wake kaidhalilisha serikali msibani, na mimi ndimi mwenye nyumba, nimwambie tabia yake. Nikisema mbaya, anaondoka leo leo kwa gari hili, na Mtoni haitapata mwingine, hawatoshi. Pili, amesikia vitu vimerudi. Nikisema askari ni mzuri, atabaki, na swali la pili ndilo litakalofuata. Vilirudije? Askari alijua nani ni mwizi?

Aliyasema hayo huku akipiga kifimbo kwenye soksi. Wala hajui alichokiuliza! Anadhani anauliza habari ya kofia.

Neno moja tu, mbaya, na Mfaume wangu atalala salama leo. Na mwezi ujao upembo utarudi kwa Hamisa. Bandali kajibanza mlangoni kwake ng'ambo ya barabara, ananitazama mie, si Inspekta. Hamisa naye katoka. Ni mie niliyesimama barazani nikadai askari. Ni mie niliyemdhamini yule Mnyamwezi mbele ya maiti.

Mfaume kaja naye. Namwona kwa upenyo wa mlango. Kamwamkia Mzungu kwa Kiingereza. Kapangusa kiatu kimoja, kapangusa cha pili. Kavuta suruali kwa vidole viwili, kakaa kwenye ngazi, anangoja dada yake atoke amtetee, kama siku zote. Albano hamtazami. Anatazama barabara.

Mkalimani ananiita. Mara ya pili.

Nimekikunjua kisutu. Nimejifunga. Harufu ya mama imekwisha, kina harufu ya sigara.

Natoka nacho, wote wakione.